Nyota na taa za mji mdogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wanaoishi katika miji midogo ya mashambani, au wanaokwenda huko kutafuta giza, na wanapenda kutazama nyota kwa macho matupu au kwa darubini. Maswali mengine nimeyajibu kwa mistari miwili kwa kuwa hayadai zaidi. Mengine nimeyarefusha, maana ndiyo yanayoamua kama utaiona Njia Nyeupe, ule mkanda hafifu wa nyota unaokatiza anga, au utaisikia tu ikisimuliwa.

Mji wetu ni mdogo na taa zake ni za kuhesabika. Nao una uchafuzi wa mwanga?

Unao. Uchafuzi wa mwanga ni mwanga wowote wa taa unaokwenda pasipo na kazi nao: juu mawinguni, dirishani kwa jirani, machoni mwa dereva anayekuja. Jambo hili halingoji jiji. Taa moja ya ukutani iliyoelekezwa mbele badala ya chini yatosha kumharibia usiku mtu aliye nusu kilomita kutoka hapo.

Jijini mng'ao wa angani unatoka kwenye maelfu ya taa, na hakuna awezaye kusema ni ipi iliyomficha nyota. Katika mji mdogo, sehemu kubwa ya tatizo ni taa chache ambazo unaweza kuzizungukia kwa miguu jioni moja na kuzinyooshea kidole. Nimefanya hivyo mara kadhaa, na kila mara nimeshangaa jinsi orodha inavyokuwa fupi: uwanja wa michezo, kituo cha mafuta, ghala, na nyumba tatu nne za watu. Ndiyo maana mimi nina matumaini makubwa na miji midogo. Anga lake linaokoleka.

Mbona naona mwanga kama kuba upande mmoja wa anga, na upande huo hakuna mji wa karibu?

Hilo ni jiji la mbali. Mwanga ukipaa hugonga chembe za hewa, vumbi na unyevu, ukatawanyika pande zote, na sehemu yake hurudi machoni kwako. Mwanga unaotoka taani ukiwa karibu kulala, juu kidogo tu ya usawa wa ardhi, ndio mbaya kuliko wote kwa walio mbali, maana husafiri masafa marefu ndani ya hewa nzito. Kuba la Las Vegas nchini Marekani huonekana kutoka bonde la Death Valley, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo.

Kuba la mbali halikunyimi anga lote. Hukaa chini karibu na upeo wa macho, na juu ya kichwa chako pakabaki peusi. Linaloumiza zaidi ni kuba la mji wako mwenyewe.

Nitoke nje ya mji kilomita ngapi?

Chache kuliko unavyodhani. Katika miaka ya 1970 mwanaastronomia Merle Walker alipima mng'ao wa miji ya California, akakuta kwamba hupungua haraka kuliko umbali unavyoongezeka: ukizidisha umbali mara mbili, mng'ao unashuka takribani mara tano na nusu. Mtu aliye kilomita 2 kutoka mjini akisogea hadi kilomita 8, mng'ao wa mji juu yake hupungua kama mara 30. Akiendelea kutoka 8 hadi 14, anapunguza mara 4 hivi tu, na huenda barabara nayo imeshaharibika. Kwa mji mdogo mimi huishia kati ya kilomita 5 na 10, wala sijutii.

Kuliko kilomita, fikiria upande. Nenda upande ule ule unaotaka kuutazama. Ukitaka anga la kusini, toka mjini kwa kusini, ili kuba likae mgongoni kwako. Watu wengi hupanda kilima kilicho kaskazini ya mji kwa sababu ni kizuri, kisha wanakesha wakitazama nyota za kusini zikipita juu ya taa za mji ule ule walioukimbia.

Na kama kuna kilima, kaa nyuma yake kuliko kukaa juu yake. Hakizuii mng'ao ulioko angani, ila kinazizuia taa zenyewe zisikuingie machoni, na hilo ni jambo kubwa.

Nitajuaje giza la mahali pangu ni la kiwango gani?

Kuna njia tatu, na mimi huzitumia zote.

Ya kwanza ni kuhesabu nyota. Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, kinafaa sana kwa kazi hii kwa sababu huonekana karibu kila pembe ya dunia inayokaliwa na watu, jioni kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na alfajiri kuanzia Julai. Ukikitazama kutoka katikati ya mji wenye taa nyingi, utaona kiwingu chenye nyota tatu au nne. Penye giza la kawaida la mashambani ni sita. Penye giza zuri, mtu mwenye macho makali hufika nane au tisa, akizitaja moja moja bila kubahatisha. Walio kaskazini ya dunia wana kipimo kingine: nyota nne za mwili wa kundi la Dubu Mdogo, ambazo daraja lake la kung'aa ni takribani 2, 3, 4 na 5. Namba ikizidi kupanda, nyota ni hafifu zaidi. Ukiziona zote nne, una anga la mashambani. Ukiziona mbili, una anga la mjini. Walio kusini watazame Msalaba wa Kusini: kando ya msalaba kuna doa jeusi, wingu la vumbi linalofunika nyota zilizo nyuma yake. Doa hilo likionekana wazi kama shimo, una mahali pazuri sana.

Ya pili ni kipimo cha John Bortle, mtazamaji nyota wa Marekani aliyekichapisha mwaka 2001. Kina madaraja 9. Daraja la 1 ni giza ambalo Njia Nyeupe yenyewe huweza kutupa kivuli hafifu chini. Daraja la 9 ni katikati ya jiji, ambapo nyota za kuhesabika ndizo zinazobaki pamoja na mwezi na sayari. Mji mdogo wa mashambani mara nyingi huangukia daraja la 4 au la 5, na kilomita chache nje yake unaingia la 3.

Ya tatu ni kifaa kidogo cha mkononi cha kupima giza. Unakielekeza juu, kinakupa namba. Anga safi kabisa la asili ni karibu 22. Ikiwa 21.5, furahi. Ikiwa 20.5, Njia Nyeupe ipo lakini imefifia. Katikati ya jiji kubwa ni 18 na kushuka. Kila namba moja nzima ni tofauti ya mara mbili na nusu, hivyo usiidharau nusu. Pima kusipokuwa na mwezi, mbali na taa yoyote, na ukumbuke kwamba Njia Nyeupe ikiwa juu ya kichwa chako nayo ina nuru yake: kipimo kitashuka kidogo bila kosa la mtu.

Nina dalili moja ninayoipenda kuliko vipimo vyote, kwa sababu haihitaji kitu. Tazama wingu likipita. Mjini wingu la usiku ni jeupe au la rangi ya machungwa, kwa kuwa taa zinalimulika kutoka chini. Ndani ya jiji la Berlin watafiti walikuta kwamba mawingu yanazidisha mng'ao wa anga kama mara 10. Penye giza la kweli wingu ni jeusi kuliko anga lenyewe. Mara ya kwanza nilipoona hivyo sikuelewa ninachokiona. Nyota zilikuwa zikizimika moja baada ya nyingine nyuma ya kitu kisicho na umbo, mpaka nikatambua kwamba ni wingu la kawaida tu, na kwamba maisha yangu yote sikuwahi kuona wingu ambalo halijamulikwa na taa.

Ramani za intaneti zinaonyesha eneo letu ni giza tupu. Niziamini?

Ziamini nusu. Nyingi zinategemea setilaiti ya Suomi NPP, iliyorushwa mwaka 2011. Kifaa chake cha usiku hakioni mwanga wa buluu, na hupita juu ya eneo karibu saa saba na nusu usiku, ambapo taa nyingi za watu zimeshazimwa. Sasa taa nyeupe za LED zina buluu nyingi, nawe unatazama nyota saa mbili usiku. Kwa hiyo ramani inaweza kuuonyesha mji umepoa ilhali wewe uliye chini unaona umezidi kung'aa. Itumie kuchagua mahali pa kwenda kupajaribu, kisha hesabu nyota mwenyewe.

Usiku upi ni mzuri?

Anza na mwezi. Mwezi mpevu hugeuza hata jangwa kuwa mji. Nusu mwezi haina nusu ya mwanga huo, kama wengi wanavyodhani: ina takribani sehemu moja ya kumi tu, kwa sababu mwezi ukiwa nusu, milima na kokoto zake zina vivuli vinavyomeza mwanga, na ukiwa mpevu vivuli hivyo havionekani kwetu. Kwa hiyo usiogope mwezi mchanga wa siku tatu nne unaozama mapema.

Baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Siku ya tatu au ya nne tayari una saa moja au mbili za giza jioni. Ukifika robo ya mwisho, huchomoza karibu saa sita usiku, na jioni yote ni yako.

Jua nalo lina masharti yake. Giza kamili huingia jua likiwa limeshuka nyuzi 18 chini ya upeo wa macho. Karibu na ikweta hiyo ni saa moja na robo hivi tangu magharibi. Ukielekea kaskazini au kusini, subira inarefuka, na kuanzia latitudo ya nyuzi 49 hivi kuna majuma ya kiangazi ambapo giza kamili haliji kabisa.

Kuna jambo lingine la miji midogo: anga la saa tano usiku si lile la saa mbili. Maduka yamefungwa, uwanja umezimwa, magari yamepungua. Mtu akiniambia amekata tamaa na anga la kwao, kwanza humuuliza alitoka nje saa ngapi.

Hakuna mawingu, hakuna mwezi, na bado nyota ni chache. Kwa nini?

Hewa. Unyevu, vumbi na moshi hunyonya mwanga wa nyota na papo hapo hutawanya mwanga wa mji, hasara mara mbili. Usiku bora mara nyingi ni ule unaofuata mvua kubwa, hewa ikiwa imeoshwa. Tazama mchana: anga likiwa buluu nzito hadi karibu na upeo wa macho, usiku utakuwa mzuri, likiwa jeupe kama maziwa kuzunguka jua, usitarajie mengi.

Nyota zinametameta sana. Ni dalili njema?

Kwa macho inapendeza, kwa darubini ni balaa. Kumetameta maana yake hewa ya juu inavurugika, na Mshtarii atacheza kwenye lenzi kama sarafu iliyo chini ya maji ya mto. Usiku kama huo tazama vitu vikubwa na hafifu kwa ukuzaji mdogo. Usiku wa nyota tulivu, ambao mara nyingine una ukungu mwembamba, ndio wa sayari.

Macho yanahitaji muda gani kuzoea giza?

Dakika 20 hadi 30 kwa sehemu kubwa, na huendelea kuboreka polepole hata baada ya saa nzima. Hapa ndipo watu wanapopoteza usiku wao bila kujua.

Mboni hufunguka haraka, kutoka milimita 2 au 3 hadi karibu 7 kwa kijana. Hiyo ni kazi ya sekunde. Kazi ndefu ni ya ndani: kuna chembe za jicho zinazoona gizani, nazo hutegemea kemikali iitwayo rodopsini, ambayo mwanga huivunja na giza huijenga upya. Mwanga mweupe wa simu kwa sekunde chache tu unakurudisha nyuma kwa dakika nyingi. Nimeona watu waliosafiri saa tatu kufuata giza, halafu kila baada ya dakika tano wanasoma ujumbe. Hawakuliona anga walilolifuata, na walirudi wakisema mahali pale hapana maajabu.

Chembe hizo hazipo katikati kabisa ya jicho. Kwa hiyo kitu hafifu ukikikazia macho, kinatoweka. Kitazame kwa pembeni kidogo, nacho kitajitokeza. Jaribu kwenye galaksi ya Andromeda: ukiitazama moja kwa moja ni shaka tupu, ukisogeza jicho kando ni wingu refu. Mwanga huo ulianza safari miaka milioni 2.5 iliyopita, na hakuna kitu kingine cha mbali hivyo ambacho watu wengi wanaweza kukiona bila chombo.

Ukilazimika kusoma ramani, ziba jicho moja kwa kiganja. Jicho lililozibwa litabaki na giza lake.

Lazima tochi iwe nyekundu?

Nyekundu husaidia kwa sababu chembe za giza haziuhisi sana mwanga wa rangi hiyo. Lakini ufifu ni bora kuliko rangi. Tochi nyekundu kali itakuharibia tu. Funika tochi ya kawaida kwa tabaka tatu nne za karatasi au kitambaa chekundu mpaka uone haya ya kuiita tochi.

Ninunue darubini gani?

Ya macho mawili kwanza, iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya pili ni kipenyo cha lenzi kwa milimita, na kipenyo ndicho kinachokusanya mwanga. Itakuonyesha miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, mashimo ya mwezi, na Kilimia kikiwa na nyota nyingi. Darubini kubwa ingoje uijue njia yako angani.

Siwezi kutoka mjini. Kuna cha kutazama?

Kipo kingi. Mwezi, Zuhura, Mshtarii, Zohali na nyota pacha haviathiriwi sana na taa. Pete za Zohali kutoka barazani kwako ni zile zile za jangwani. Kinachokufa mjini ni vitu vilivyotawanyika na hafifu: Njia Nyeupe, galaksi, mawingu ya gesi, mikia ya kometi (nyotamkia), na ule mwanga wa vumbi lililo kati ya sayari unaosimama kama mnara mwembamba upande wa machweo. Tafuta kona ambayo hakuna balbu inayokutazama usoni, hata kama ni kivuli cha ukuta tu.

Kichujio cha kuzuia mwanga wa mji kinafaa?

Kilifaa zaidi zamani. Taa za sodiamu hutoa rangi chache tu, na kichujio kiliweza kuzikata na kuacha zingine. Taa nyeupe za LED zimejaa rangi zote, hivyo kichujio hakina cha kukata bila kukata nyota pia. Kwa mawingu ya gesi bado vichujio maalumu vina msaada. Kwa galaksi, nauli ya kutoka nje ya mji ndiyo kichujio.

Kuna taa moja tu inayoniharibia. Nifanyeje?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na nalijibu kwa yaliyonikuta.

Nyuma ya uwanja ninaotumia kulikuwa na ghala lenye taa kali iliyofungwa juu ya mlango, uso wake ukielekea mbele. Nilikuwa mita mia sita kutoka hapo, na bado niliweza kuweka karatasi nyeupe chini na kuona kivuli cha mkono wangu, vidole vitano vyote. Kwa miezi nilikasirika kimya. Nilinung'unika kwa rafiki zangu. Taa haikusikia.

Mwishowe nikaenda kwa mwenye ghala jioni moja, nikamsalimu, tukazungumza habari za kazi. Sikuanza na nyota. Nilimwomba atembee nami mpaka langoni kwake, tugeuke, tutazame mlango. Hakuona mlango. Aliona jua dogo, na chini yake weusi. Nikamwambia azibe taa kwa kiganja: papo hapo akaona mlango, kufuli, na mlinzi wake aliyekuwa amekaa pale muda wote. Alinyamaza kidogo, kisha akaita ngazi na spana. Taa iliinamishwa kwa dakika kumi. Mlango ukawa na mwanga kuliko awali, na kule uwanjani karatasi yangu ikawa nyeusi. Wiki iliyofuata alikuja na wanawe kuona Zohali.

Kutokana na hilo nimejifunza utaratibu ninaoufuata. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe. Nenda jioni, taa ikiwa inawaka. Onyesha, usihubiri, na kile kiganja kinashinda maelezo yote. Omba kitu kidogo chenye mwisho: kuinamisha taa, kuweka kofia ya bati, kubadilisha balbu, kuweka kihisi cha mwendo. Usiombe taa izimwe, kwa sababu mtu aliyenunua taa aliogopa kitu, na hofu yake ni ya kweli. Na mkaribishe kwenye darubini hata akikataa.

Taa nzuri ikoje?

Inamulika chini, imefunikwa juu na pembeni ili balbu isionekane kwa mtu aliye mbali, ina nguvu ya kazi yake tu, na huzimika kazi ikiisha. Rangi yake ni ya moto wa mshumaa kuliko ya radi. Kwenye boksi la balbu kuna namba yenye herufi K: tafuta 2700 au chini yake, na 2200 ni bora zaidi. Mwaka 2016 chama cha madaktari cha Marekani, AMA, kilishauri taa za nje zisizidi 3000. Sababu ya kiafya ni usingizi. Sababu ya anga ni kwamba hewa hutawanya mwanga wa buluu kama mara tatu kuliko wa machungwa.

Tazama pia neno lumeni, kipimo cha wingi wa mwanga. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa kama lumeni 800, na kwa mlango wa nyumba nusu yake inatosha ukiielekeza vizuri.

Taa zikipunguzwa, wezi na ajali havitaongezeka?

Swali la haki, na majibu ya utafiti hayafanani. Uingereza na Wales, utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulichunguza halmashauri 62 zilizokuwa zimezima au kupunguza taa za barabarani usiku, na haukuona ushahidi wa ajali au uhalifu kuongezeka. Kwa upande mwingine, jaribio lililofanywa New York mwaka 2016 katika makazi yenye uhalifu mwingi lilionyesha kwamba taa za ziada zilipunguza makosa ya usiku nje ya nyumba. Mimi nasoma hivi: taa ina msaada palipo na haja, mradi imulike mahali na isimpofushe mtu. Ulinzi na nyota hazigombani katika jambo hili. Vyote viwili vinaharibiwa na taa ile ile inayochoma macho.

LED zinakula umeme kidogo. Mbona anga linazidi kung'aa?

Kwa sababu kitu kikiwa rahisi watu hukiongeza. Palipokuwa na taa moja pakawekwa tatu, na iliyozimwa saa nne ikaachwa mpaka asubuhi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliokusanya hesabu za nyota za watu wa kawaida kutoka sehemu nyingi za dunia kati ya 2011 na 2022, ulikuta mng'ao wa anga unaongezeka kwa wastani wa asilimia 9.6 kwa mwaka. Hiyo ni kuongezeka maradufu ndani ya miaka isiyofika minane. Waandishi walitoa mfano unaoniuma kila nikiukumbuka: mtoto aliyezaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akifikisha miaka 18 ataona 100 tu. Tayari mwaka 2016 ilikadiriwa kwamba theluthi moja ya wanadamu hawaioni Njia Nyeupe wanapoishi.

Ni nyota tu zinazoumia?

Hapana. Wadudu wanaozunguka taa hawaipendi taa; utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba hugeuza mgongo kuelekea penye mwanga, kwa kuwa tangu zamani mwanga ulikuwa ni juu, na taa ikiwa kando hubaki wakiizunguka mpaka wachoke. Mdudu yule anayeviringisha mavi naye ana kisa. Mwaka 2013 watafiti waliwachukua wadudu hao Afrika Kusini, wengine wakawavisha vikofia vidogo vya karatasi ngumu ili wasione juu. Wasio na kofia walikwenda mstari ulionyooka kwa kuifuata Njia Nyeupe. Wenye kofia walipotea. Najua watu wazima wasioweza kuonyesha Njia Nyeupe ilipo.

Nuru inayokwenda polepole bila kumetameta ni nini?

Setilaiti. Ikimweka mwekumweku ni ndege. Setilaiti huonekana zaidi saa mbili za mwanzo wa usiku na kabla ya alfajiri, kwa sababu huko juu bado kuna jua. Tangu Mei 2019, setilaiti za intaneti za Starlink zilipoanza kurushwa kwa makundi, zimekuwa nyingi mno, na hakuna kilima cha kujificha nyuma yake.

Kuna mji uliofanikiwa kulinda anga lake?

Flagstaff, Arizona, Marekani. Mwaka 1958 mji huo ulipiga marufuku taa kubwa za matangazo zilizokuwa zikizungushwa angani, kwa sababu zilisumbua vituo vya kutazamia nyota. Pluto iligunduliwa hapo hapo mwaka 1930. Mwaka 2001 ukawa mji wa kwanza duniani kupewa hadhi ya kimataifa ya mji wa anga la giza. Una wakazi makumi ya maelfu, una barabara na maduka, na taa zake zinatazama chini.

Afrika Kusini kuna Sutherland, mji mdogo kabisa wenye darubini ya SALT karibu yake, iliyozinduliwa mwaka 2005. Mwaka 2007 nchi hiyo ilitunga sheria ya kulinda maeneo ya kutazamia anga. Nako Namibia, hifadhi ya NamibRand ilipata hadhi ya kimataifa ya giza mwaka 2012, ya kwanza Afrika.

Nianzie wapi usiku wa leo?

Toka nje, tafuta mahali ambapo hakuna balbu inayoonekana uchi. Kaa nusu saa bila simu. Kisha zunguka mahali uliposimama, taratibu, na uandike kwenye daftari: tarehe, saa, kuba la mwanga liko upande gani, taa zipi zinaonekana na ni za nani. Hesabu nyota za Kilimia, au za kundi lolote unalolijua kama hakipo. Rudi hapo hapo usiku mwingine usio na mwezi, saa tatu, kisha saa sita, uhesabu tena kundi lile lile. Andika hata usiku ulioona nyota nne.